Mbwa Sita Ndani ya Bani

Jumapili, 16 Novemba 1997

Jana tumemzika Hana. Alikuwa na miaka tisa. Alikuwa mwanafunzi wangu wa darasa la tatu, dawati la pili kutoka mlangoni, na mbwa aliyemng'ata alitoka kwangu.

Naandika hivyo mwanzoni kabisa ili nisije kuikwepa sentensi hiyo baadaye.

Mwezi wa sita baba yake, Melkiadi, jirani yetu wa nyumba ya tatu, alikuja kuomba mbwa wa kufukuza nguruwe pori shambani. Nikampa dume jekundu nililoliokota stesheni, mpole kuliko wote niliokuwa nao. Mwezi wa tisa mbwa yule akaanza kuyumba kama mlevi, akakimbilia porini, akakutwa amekufa kwenye mahindi ya watu. Tukauliza kama ameng'ata mtu. Kila mtu alisema hapana. Hana naye alisema hapana.

Wiki mbili zilizopita darasani alikuwa anajikuna mkono wa kushoto, anajikuna tu, hadi nikamwambia, "Hana, acha kujikuna, andika." Akaacha. Akaandika. Jumatatu akashindwa kumeza mate yake. Jumanne aliletewa maji akapiga kelele kama ameonyeshwa nyoka. Mganga wa zahanati alitazama chini, na sote tukaelewa.

Makaburini Melkiadi alipokea mikono ya watu wote. Wangu aliuangalia, akauacha hewani.

Jumatano, 19 Novemba

Tangazo limesomwa mbele ya ofisi ya kijiji. Mbwa asiye na chanjo atapigwa risasi Jumamosi, awe na mwenyewe au hana. Chanjo haijafika hapa Katumba tangu mwaka juzi. Kwa hiyo ni wote.

Mama yangu, Mama Generosa kama wanavyomwita, ameniuliza kwa upole, akichanganya Kirundi chetu, "Mwana wanje, mwanangu, huoni kwamba safari hii wana haki?"

Naona. Hilo ndilo linalonikaba.

Ninao sita, na paka mmoja. Miaka sita iliyopita askari wa wanyamapori walipokaza kukamata wawindaji, wanaume walipelekwa mahabusu na mbwa wao wakabaki barabarani wakila mavi. Nilianza na mmoja. Huwa nawalisha, nawaogesha dawa ya kupe, kisha nawatafutia kwao. Wengi wanachukuliwa na wafugaji Wasukuma kule Majimoto, maana fisi wanawamalizia ndama. Mmoja wao, Makoye, peke yake ameshachukua wanne. Watoto wa shule wananiita Mama Mbwa wakidhani sisikii.

Jumamosi, 22 Novemba

Walianza asubuhi upande wa stesheni. Nilihesabu milio hadi kumi na tisa, nikaacha.

Walipofika kwangu, aliyetangulia alikuwa Amedeus, bwana mifugo, kijana wa Kifipa ambaye siku zote huniamkia kana kwamba mimi ni shangazi yake. Nyuma yake askari mwenye bunduki. Nyuma ya askari watu kama thelathini, na Melkiadi akiwa pembeni, mikono mfukoni.

"Shikamoo mwalimu," Amedeus akasema. "Wako wapi?"

"Marahaba. Wamo ndani ya bani."

Bani ni lile jengo la kukaushia tumbaku alilojenga marehemu baba: udongo mtupu, halina dirisha, mlango mmoja. Niliwafunga humo tangu Alhamisi, kila mmoja na kamba yake na nguzo yake, hakuna anayemfikia mwenzake.

Akachungulia kwa muda mrefu. "Wametoka nje tangu mtoto augue?"

"Hawajatoka nje ya uzio tangu mwezi wa tisa. Waulize hawa."

Amedeus akamvuta askari kando wakanong'ona. Kisha akasema kwa sauti ya kusikiwa na wote: chanjo imeahidiwa kuja na treni ya mwezi ujao kutoka Tabora. Mbwa hawa watakaa humu humu, wamefungwa, hadi wachanjwe. Akionekana mmoja nje, hata akiwa ameshikwa kamba, wanapigwa wote. Wakimaliza bila dalili, atawaandikia kibali cha kusafirishwa kwenda Majimoto kupitia Mpanda.

"Na mimi nitawasindikiza Mpanda?" nikauliza.

"Hilo kaombe ofisini, mwalimu. Mimi naandikia wanyama tu."

Watu wakacheka kidogo. Sisi wakimbizi hatutoki nje ya makazi bila karatasi. Nimefika hapa kutoka Burundi nikiwa na miaka tisa, sasa nina thelathini na tatu, na Mpanda mjini nimefika mara nne.

Melkiadi hakucheka. Aliondoka bila kugeuka.

Jumatano, 3 Desemba

Mvua. Treni haikuja.

Ijumaa, 5 Desemba

Mvua. Bani linavuja upande wa mbwa ninayemwita Askari. Nimemsogeza kwenye nguzo ya kati, naye amekesha akilia hadi Mama ametoka na kanga kichwani kumtukana kwa Kirundi.

Alhamisi, 11 Desemba

Redio inasema mvua hizi zina jina, zimetoka bahari ya mbali, na nchi nzima inalia. Reli imekatika huko mbele ya Kaliua, tuta limezolewa na vyuma vinaning'inia. Barabara ya Mpanda daraja liko chini ya maji. Kwa hiyo hata mwenye karatasi haendi kokote. Mama anasema hatimaye Watanzania wote wamekuwa wakimbizi wa Katumba.

Jumatano, 17 Desemba

Ombi langu la kibali limerudi. Halikukataliwa. Limeandikwa "lisubiri treni."

Jumatano, 24 Desemba

Dagaa wa ziwani hawafiki tena. Mbwa wanakula pumba na maji ya moto, nasi tunakula ugali na majani ya maharage. Shule imefungwa, kwa hiyo sina pa kwenda: nyumbani, bani, nyumbani, bani. Hatua ishirini na mbili, na matope yanashika mguu kila hatua. Nikifungua mlango wote sita wanasimama kwa pamoja, kamba zinakaza kwa pamoja. Nimeanza kuuchukia mlio huo.

Kanisani leo watu walisogea nilipokaa. Benchi zima, mimi na Mama.

Jumamosi, 27 Desemba

Mbwa wangu Mchumba amekufa. Alikuwa kizee, meno mawili tu. Amedeus alikuja kuangalia akasema ni uzee na baridi, lakini aliyasema hayo akiwa amesimama mlangoni. Wamebaki watano.

Alhamisi, 1 Januari 1998

Mwenye bucha amechinja mbuzi wa mwaka mpya. Nimemwomba mifupa, akanipa ndoo nzima. Leo angalau kumekuwa na sherehe ndani ya bani. Hata Karani, paka wangu anayelalia madaftari ya wanafunzi, amepata chake.

Jumatano, 7 Januari

Tajiri hajala. Tajiri ni yule mwembamba aliyekuja kwangu akiwa na waya wa mtego shingoni na hana kingine duniani, ndiyo maana nikampa jina hilo.

Alhamisi, 8 Januari

Hajala tena. Mate yanamtoka, marefu, yananing'inia hadi chini.

Sijamwambia mtu.

Ijumaa, 9 Januari

Amening'ata.

Alikuwa amejizungusha kamba mguuni, imekaza, mguu umevimba. Nikasema siwezi kumwacha hivyo. Nikainama, nikashika kamba, akageuka mara moja tu. Mkono wa kulia, chini ya kidole gumba, matundu mawili. Niliosha kwa sabuni na maji ya mtungi hadi mtungi ukaisha, Mama akachota mwingine, nikaosha hadi ngozi ikawa nyeupe. Mama hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

Zahanati: mganga amepiga redio hospitali ya Mpanda. Sindano za kuzuia zimekwisha tangu Krismasi, zinazofuata ziko Tabora zinasubiri reli. Amenifunga mkono vizuri sana, polepole, kama mtu anayefunga zawadi.

Amedeus ndiye aliyeniambia ukweli.

"Mwalimu, sikiliza. Mbwa mwenye kichaa akishakuwa na ugonjwa kwenye mate, hamalizi siku kumi. Lazima afe. Kwa hiyo Tajiri akiwa hai tarehe kumi na tisa, wewe huna kitu. Asiuawe. Ukimwua, hutajua kamwe."

"Na akifa kabla?"

"Tunapeleka kichwa maabara."

"Kwa treni ipi, Amedeus?"

Akavua kofia, akaikung'uta maji, akaivaa tena.

Jumamosi, 10 Januari. Siku ya kwanza

Habari zimeenea. Saa nne asubuhi watu walijaa uani na marungu. Walikuwa wananihurumia, na huruma yao ilitisha kuliko hasira. "Tutakumalizia hili, mwalimu, wewe kaa ndani." Nilisimama mlangoni mwa bani nikaeleza habari ya siku kumi, nikaeleza tena, na hakuna aliyesikia kwa sababu ndani Tajiri alikuwa anatoa sauti ya kukwaruza.

Ndipo Melkiadi akapita katikati yao. Alikuwa na mkuki wa kuwindia. Nikasema moyoni, basi, yeye ana haki kuliko wote.

Akafika mbele yangu. Hatukuwa tumesemezana tangu msiba.

"Mwalimu, ni siku ngapi?"

"Kumi. Moja imeanza."

Akageuka akawatazama wenzake. "Atakayemgusa mbwa huyu kabla ya siku kumi atapigana na mimi kwanza. Nendeni nyumbani."

Kisha akageuza ndoo ya pumba juu chini, akakaa mlangoni kwenye mvua. Jioni alikuwa bado amekaa.

Jumapili, 11 Januari. Siku ya pili

Hajala. Mate. Melkiadi alifika alfajiri.

Jumatatu, 12 Januari. Siku ya tatu

Shule zimefunguliwa lakini mwalimu mkuu ameniambia nipumzike. Anamaanisha nisiwakaribie watoto. Nimejikuta nauangalia mkono wangu kila dakika. Unawasha. Kidonda kinachopona kinawasha, kila mtu anajua. Hana naye alikuwa anawashwa.

Nimekunywa vikombe sita vya maji tangu asubuhi, kimoja kimoja, nikijipima.

Jumanne, 13 Januari. Siku ya nne

Mama amempelekea Melkiadi uji. Nilisikia anamwambia, "Baba Hana, utaugua." Hakuna aliyemwita hivyo tangu Novemba, watu wanaogopa jina. Alipokea bakuli kwa mikono miwili.

Tajiri anakonda mbele ya macho yangu. Jambo jipya la kuogopa: akifa kwa njaa siku ya nane au ya tisa, nitakuwa nimejua nini?

Alhamisi, 15 Januari. Siku ya sita

Leo Melkiadi amezungumza. Mvua ilikuwa inapiga bati la jiko, nami nilikuwa nimekaa ng'ambo ya mlango, yeye nje mimi ndani, tunawatazama mbwa.

"Mwalimu, unafikiri nakuchukia kwa sababu ya yule mbwa mwekundu."

"Ningekuwa wewe ningenichukia."

"Nilikuchukia. Ni rahisi. Unaamka, una mtu wa kumchukia, siku inakwenda." Akapangusa mvua usoni. "Siku ile mbwa alipoanza kuyumba, nilisema mbele ya watoto: akithubutu kumng'ata mtu humu ndani nitamchinja kwa mkono wangu. Nilisema kwa ukali, unajua ninavyosema. Hana alikuwa ameshang'atwa. Asubuhi ile ile. Alijifunga kitambaa akashusha mkono wa sweta."

Nikaukumbuka mkono ule aliokuwa akijikuna darasani.

"Aliniambia mwishoni, kabla hajaanza kuweweseka. 'Baba, sikusema, ungemwua.' Mtoto amekufa akimficha mbwa asiuawe na mimi. Sasa niambie, mwalimu, nimchukie nani?"

Nililia. Yeye hakulia. Alikuwa anamwangalia Tajiri kwa makini, amemkazia macho.

"Huyu anataka maji," akasema.

"Nini?"

"Tazama. Anaingiza mdomo kwenye sufuria. Yanamtoka, lakini anaingiza tena. Hana hakutaka hata kuyaona. Na ule mguu wa mbele, tazama, anajipapasa shavu. Huyu ana kitu mdomoni."

Ijumaa, 16 Januari. Siku ya saba

Nimegombana na Melkiadi nusu siku: anataka kukitoa kitu hicho mdomoni mwa Tajiri. Nilimwambia sitazika mtu wa pili wa nyumba ile. Nilikwenda kumwita Amedeus amzuie. Amedeus alikuja, akachungulia mdomo wa Tajiri kwa mbali na tochi, akasema inawezekana, inawezekana kweli, lakini yeye mwenyewe hana chanjo mwilini na hawezi kumwamuru mtu.

"Haniamuru mtu," Melkiadi akasema. Akavaa soksi mbili nene mikononi, juu yake mifuko ya mbolea, akafunga kwa kamba hadi viwikoni. Akachukua kijiti chenye panda, akaibana nacho shingo ya Tajiri hadi chini, kama mtu anavyobana nyoka, na Amedeus hapo akaona aibu akaingia akashika kijiti. Mimi nilishika tochi kwa mkono wa kushoto. Melkiadi akaingiza waya aliokunja ncha.

Mfupa. Kipande cha ubavu wa mbuzi, kimekwama kaakaani kutoka jino la huku hadi jino la huku, kimeshaanza kuozesha nyama. Kilitoka kwa mlio mdogo, kama kuvunja kijiti. Harufu ilijaa bani zima.

Mfupa niliompa mimi, siku ya mwaka mpya.

Tajiri alilala pale pale. Kisha akaburura tumbo hadi kwenye sufuria akanywa, akanywa, hadi sufuria ikawa inagonga nguzo. Melkiadi alitoka nje na mifuko yake mikononi, akaenda nyuma ya jiko. Tulimwacha.

Jumamosi, 17 Januari. Siku ya nane

Amekula pumba nusu bakuli. Amedeus anasema mfupa hauondoi uwezekano wa ugonjwa. Hesabu iendelee.

Jumapili, 18 Januari. Siku ya tisa

Anakula.

Jumatatu, 19 Januari. Siku ya kumi

Saa nne asubuhi Tajiri amembwekea Amedeus, akatikisa mkia, akamwaga ndoo. Amedeus akaandika kwenye daftari lake, akanionyesha. "Hai. Hana dalili."

Mama ameimba siku nzima. Mimi nimelala hadi kesho yake, ndiyo maana naandika Jumanne.

Jumapili, 1 Februari

Mvua. Bado tumo. Nimerudi darasani. Benchi la kanisani sasa Melkiadi anakaa nasi, kwa hiyo na wengine wamerudi.

Jumatano, 18 Februari

Treni! Tulisikia honi tukadhani ni radi. Imeleta barua za miezi mitatu, chumvi, na boksi la barafu la Amedeus. Amewachanja watano wangu wa kwanza kabisa, kisha wachache waliofichwa na watu, ambao ghafla walitokea kutoka chini ya vitanda.

Na nimepata kibali: Jumamosi, kwenda Mpanda, "kusindikiza mbwa watano," kurudi kwa treni ya jioni. Cha mbwa kiliandikwa kabla ya changu. Mama akasema, "Mbwa wako wamekutangulia kupata karatasi." Makoye ametuma neno kwamba atakuja Mpanda na lori la mpunga kuwapokea.

Ijumaa, 20 Februari

Melkiadi aliniomba aongee na darasa la tatu. Nilimkubalia bila kujua atasema nini. Alisimama mbele ya ubao, kofia mkononi, hajui aiweke wapi.

"Mnanijua. Mimi baba yake Hana. Alikaa pale." Watoto wote wakatazama dawati. "Hana aling'atwa akaogopa kusema, kwa sababu mimi nilisema nitaua mbwa. Nilikosea. Sasa nyie sikieni. Ukisema umeng'atwa, hupigwi. Na mbwa wako hauawi. Anafungwa siku kumi, na mimi nitakuja kukaa naye. Nimeshakaa na mmoja, muulizeni mwalimu. Basi."

Nje matone kwenye bati. Nikauliza kama kuna yeyote mwenye la kusema.

Jeniffer, wa dawati la mwisho, akanyoosha mkono. Akatoka kwenye dawati, akainua sketi kidogo, akafungua kitambaa kilichofungwa kwenye shavu la mguu. Jumanne, alisema, mbwa mweusi asiye wa mtu, alipita uani kwao akamng'ata akaendelea na safari.

Hakuna wa kumfunga siku kumi.

Mama yake amejifungua juzi, hawezi kusafiri. Mganga akapiga redio: sindano zimefika Mpanda kwa treni ile ile. Tano, ndani ya mwezi mmoja, na ya kwanza isichelewe. Nilikimbia ofisini na kibali changu mkononi, matope hadi magotini, nikasema futeni mbwa, andikeni mtoto. Karani wa pale akasema fomu haina nafasi ya kufuta. Amedeus, ambaye huandikia wanyama tu, akamnyang'anya kalamu akaandika yeye mwenyewe, na karani akagonga muhuri bila kumtazama.

"Na mbwa?" Amedeus akaniuliza. "Treni nyingine sijui lini."

Melkiadi alikuwa amesimama mlangoni. "Niandike mimi," akasema.

Jumamosi, 21 Februari

Nimefungua kamba zao kwenye nguzo, baada ya miezi mitatu kamili. Melkiadi aliingia nao behewa la mizigo, kamba tatu mkono huu, mbili mkono ule, uso kama anabeba chungu cha moto. Mimi na Jeniffer tulikaa la abiria. Kote njiani mashamba yalikuwa maji, naye Jeniffer alikuwa anahesabu nguzo za simu zilizoanguka.

Makoye alikuwepo stesheni na fimbo yake begani. Akawakagua kama anunuavyo ng'ombe: meno, miguu, kifua. Alipomfikia Tajiri akasema, "Na hiki kiunzi cha mifupa?"

"Ukimwacha huyo," Melkiadi akasema, "narudi na wote."

Makoye akamtazama yeye, akamtazama mbwa, akampandisha lorini.

Sikuwaaga vizuri. Jeniffer alikuwa ananivuta mkono, hospitali ilikuwa inafunga saa sita. Alichomwa, akauma kola ya sare yake, hakutoa sauti. Jioni tukarudi sote watatu.

Jumatatu, 23 Machi

Jeniffer alimaliza sindano ya tano juzi. Safari tano za Mpanda, kila moja na karatasi yake. Leo nimeambiwa sababu imekwisha, nirudishe fomu zilizobaki. Nimerudisha. Mvua zinapungua, bani ni tupu, na Karani amehamia huko kuwinda panya.

Darasani asubuhi nilikuta foleni mbele ya meza yangu. Mmoja amekwaruzwa na paka. Mmoja amepigwa pembe na mbuzi. Wa tatu ameng'atwa na mdogo wake. Nimewaandika wote.